Mwenzetu kikundini ana rufaa ya Ocean Road kwa mionzi: tumsaidieje mpaka amalize?

MamaUyole

Habari za jioni wadau. Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha VICOBA cha kuweka na kukopa, tuko 28, pembezoni mwa jiji la Mbeya. Mwenzetu mmoja wa miaka 44 amekutwa na kansa ya mlango wa kizazi. Majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kupimwa) yameshatoka na ameandikiwa rufaa ya Ocean Road, Dar es Salaam: mionzi ya nje mara 25, kemo mara moja kila wiki, halafu mionzi ya ndani. Ana watoto wanne, wawili wako shule ya msingi. Mume anafanya vibarua. Wana shamba la ekari moja na nusu na mvua ndiyo hiyo inakaribia. Yeye mwenyewe ameturuhusu tulijadili, ila jina lake lisitajwe.

Katiba yetu inasema mgonjwa anapewa mkono wa pole mara moja kutoka mfuko wa jamii, basi. Wengine wanataka tufanye harambee moja kubwa tumkabidhi fedha zote siku ya kuondoka. Wengine wanasema tukifanya hivyo, wiki ya tatu atatupigia simu hana kitu. Tunaomba wenye uelewa mtusaidie: fedha tuzipange vipi, msamaha wa matibabu unaombwaje, nani aongozane naye, na akirudi tufanye nini? Hatutaki kumpa pole kisha tukamwacha.

Kipengere

Ugonile mama. Kwanza hongereni kwa kumuuliza mwenyewe kabla ya kuleta jambo hapa. Michango mingi huharibika hapo: picha ya mgonjwa inasambazwa kwenye makundi ya simu na ugonjwa wake umetajwa, naye hajui. Akijua, anajificha, na mtu aliyejificha hasaidiki. Mkiandika tangazo la mchango, semeni "mwenzetu anakwenda kwenye matibabu ya muda mrefu Dar". Inatosha.

Karatasi zianze leo. Kabla hajapanda basi awe na bahasha moja ngumu, ndani yake barua halisi ya rufaa (siyo kivuli), majibu ya kinyama yenye muhuri wa maabara, picha za CT au ultrasaundi pamoja na maelezo yake, majibu ya damu ya karibuni ikiwemo wingi wa damu, figo na VVU, kitambulisho cha NIDA, na kadi ya bima kama anayo. Halafu mtu aende maabara iliyopima kinyama aulize utaratibu wa kupewa bloku na slaidi, yaani kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta. Hospitali inayompokea ikitaka kuhakiki majibu na bloku imebaki Mbeya, mgonjwa atakaa Dar analipia kitanda huku akisubiri kitu kinachotosha kwenye kiberiti.

Angalieni majina. Zahanati wameandika jina la baba, rufaa ina jina la mume, NIDA ina majina matatu kamili. Likitokea hilo, msamaha unakwama na bima inakwama. Masjala ya hospitali iliyotoa rufaa warekebishe kabla hajaondoka. Ukishafika Dar, kurekebisha barua ya Mbeya ni kazi ya siku kadhaa.

Msamaha unapita kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wagonjwa wa saratani ni miongoni mwa makundi yanayotajwa kwenye sera ya misamaha, lakini msamaha hauji wenyewe, unaombwa. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kila mmoja muhuri wake na namba yake ya simu, halafu ustawi wa jamii. Barua nyingi zina sentensi moja tu: "mtajwa hapo juu ni mhitaji, naomba asaidiwe." Afisa hana cha kushika hapo. Barua nzuri inaeleza kaya ina watu wangapi na umri wao, kipato kinatoka wapi na hukatika miezi gani, shamba ni ekari ngapi, kaya imeshatumia nini kwenye vipimo, na kama wamo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Ibandikwe picha, igongwe muhuri juu ya picha.

Jueni pia kwamba hospitali inayotibu ndiyo inayoamua. Msamaha aliopewa Mbeya si lazima utambulike Dar. Kwa hiyo atoe nakala tatu za kila kitu, na siku ya kwanza akishasajiliwa aulize ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, aende hapohapo kabla hajaanza kudaiwa. Kuomba msamaha deni likiwa limeshaingia kwenye mfumo ni kugumu zaidi. Kama kaya ilikata CHF iliyoboreshwa (bima ya mfuko wa afya ya jamii), wasiitegemee kwa Ocean Road: ile imejengwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwenye NHIF, bima ya taifa ya afya, ahakikishe uanachama uko hai na rufaa imefuata ngazi. Na kila malipo yafanywe kwa kumbukumbu namba ya malipo anayopewa dirishani. Mtu yeyote anayejitolea getini "kuharakisha faili" kwa fedha mkononi, mkimbieni.

Sasa fedha. Mnaosema msimkabidhi zote, mko sahihi. Msamaha hata ukipatikana haugusi nauli, malazi, chakula wala usafiri wa kila siku, na hivyo ndivyo vinavyomrudisha mgonjwa nyumbani akiwa amepata mionzi 14 badala ya 25. Mionzi 25 ni wiki tano kwa hesabu ya Jumatatu hadi Ijumaa, lakini nyinyi pigeni hesabu ya wiki nane. Kuna siku za kusajiliwa, siku ya kupigwa picha ya kupanga mionzi, foleni ya kuanza, siku ambayo damu iko chini na kemo inaahirishwa, siku mashine iko matengenezo, sikukuu, na mwishoni mionzi ya ndani ambayo ina ratiba yake.

Andikeni kwenye karatasi moja: nauli ya watu wawili kwenda na kurudi; malazi mara siku 56; chakula cha watu wawili mara siku 56; usafiri kati ya malazi na hospitali mara siku 40; vipimo na dawa zitakazokosekana dirishani; kisha ongezeni moja ya tano ya jumla kwa dharura. Theluthi moja apewe anapoondoka, kwa kuwa gharama za mwanzo ni kubwa. Iliyobaki itumwe kila Ijumaa kwa simu, pamoja na makato ya kutolea. Awepo mweka hazina, na wengine wawili wanaoona kila muamala.

Jumla ikiwatisha, tafuteni kwanza malazi kwa ndugu, waumini wa kanisa lake au watu wa nyumbani walioko Dar. Ila muulizeni mwenye nyumba wazi: anaweza kumpokea kwa wiki nane, mgonjwa atakuwa anaharisha na kutapika, choo kiko ndani au nje? Ukarimu wa wiki mbili ukiisha katikati ya matibabu unaleta balaa.

NesiMstaafu

Kipengere amemaliza upande wa karatasi. Nieleze mwili utakavyokwenda, ili kikundi kisishtuke na anayeongozana naye ajue la kufanya.

Wiki ya kwanza watu hudanganyika, anakula na kutembea vizuri. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu tumbo linaanza kuharisha, mkojo unaunguza, uchovu unaingia. Siyo kwamba dawa imemkataa. Mionzi inapita kwenye nyonga na inagusa utumbo na kibofu vilivyo jirani. Kipindi hicho apunguze maharage, kabichi, mboga mbichi, maziwa na pilipili. Wali laini, ndizi, viazi vya kuchemsha, mayai yaliyoiva, samaki na uji mwepesi vinakaa tumboni. ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, anywe kidogokidogo kila anapoharisha. Unga wa uji na karanga zilizosagwa mnaweza kumtumia kutoka nyumbani, ni nafuu kuliko kununua Dar.

Siku ya kupanga mionzi atachorwa alama za wino kwenye ngozi. Alama hizo ndizo zinazoonyesha mashine ielekezwe wapi. Ndugu mwenye nia njema humwogesha kwa dodoki na sabuni, wino unatoka, kesho yake anarudishwa kupangwa upya. Amwagie maji tu sehemu hiyo, apanguse kwa kugusagusa, asipake mafuta, losheni wala poda bila kuambiwa, na avae nguo za pamba zisizobana. Kanga na gauni pana vinatosha, jinzi aiache Mbeya.

Kemo yake ya kila wiki katika matibabu ya namna hii kwa kawaida ni sisplatini, na dawa hiyo hupita kwenye figo. Ndiyo maana atapimwa figo na damu kabla ya kila kemo, na ndiyo maana anahimizwa kunywa maji. Kutoka hapa yanafuata mambo mawili ambayo kikundi kinaweza kuyaharibu kwa upendo. La kwanza ni dawa za mizizi na majani anazoletewa na wageni. Nyingine zinaumiza figo, na figo zikiyumba kemo inasimamishwa. Msimgombeze, mwambieni tu kila anachokunywa kitajwe mbele ya daktari. La pili, kama anatumia ARV (dawa za VVU), jambo ambalo huku kwetu Nyanda za Juu ni la kawaida, aende na kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya VVU, na aombe dawa za kutosha miezi yote ya safari. Daktari wa Ocean Road ajue anatumia dawa gani, kwa sababu tenofovia, moja ya ARV hizo, nayo inagusa figo. Asiache ARV hata siku moja kwa kuogopa kuonekana na kopo. Kama hamjui hali yake, hamna haja ya kuijua. Mpeni ujumbe huu kama sehemu ya orodha ya safari na ishieni hapo.

Damu. Wagonjwa wengi wa mlango wa kizazi wanafika wakiwa wametoka damu kwa miezi, na damu ikiwa chini mionzi haifanyi kazi yake vizuri. Apimwe wingi wa damu wiki hiyohiyo ya kusafiri. Safari ya Mbeya hadi Dar ni siku nzima barabarani na si ya mtu mwenye damu chache. Hapa waume wa kina mama wa kikundi wana kazi: wachangie damu kwenye benki ya damu. Mtu wa miaka 18 hadi 65, mwenye kilo 50 na zaidi, asiye na maradhi, anaweza. Mwanaume kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Damu haiuzwi.

Anayeongozana naye asichaguliwe kwa ukubwa wa undugu. Awe anasoma na kuandika, ana simu inayokaa na chaji, hanyonyeshi, hana woga wa kuuliza. Kama atabadilishwa, abadilishwe mwisho wa wiki, na wawili hao wakae pamoja siku moja kukabidhiana. Awe na daftari: tarehe, mionzi ya ngapi, kemo ya ngapi, uzito, majibu ya damu, dawa alizopewa. Mkipiga simu Ijumaa msiulize "anaendeleaje", maana jibu litakuwa "tunamshukuru Mungu". Ulizeni: leo ni mionzi ya ngapi? Uzito umeshuka? Kuna siku aliyokosa na kwa nini? Siku za kuruka zinampa uvimbe nafasi ya kujijenga upya, na haitoshi kuziongeza mwishoni.

Vya kukimbilia hospitali bila kusubiri kesho: joto la mwili 38 na kuendelea (anunue kipimajoto, ni kitu kidogo), damu inayoloanisha pedi ndani ya saa moja, kutapika hata maji, mkojo kukauka, kuchanganyikiwa.

Na waambieni watoto na majirani: kansa haiambukizi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Akitoka kwenye mionzi habebi mionzi mwilini, anaweza kupakata mtoto jioni hiyohiyo.

Kihesa_Juu

Kamweneni. Kuhusu basi tu. Achukue kiti cha katikati upande wa njia, karibu na mlango wa katikati kama upo, avae pedi kubwa na awe na kanga mbili za akiba na mfuko wa plastiki. Kona za Kitonga zinatapisha hata mzima. Dawa ya kuzuia kutapika inywewe nusu saa kabla, basi likiwa bado huku juu Iringa. Mwambieni kondakta mapema kwamba kuna mgonjwa atakayehitaji choo, siyo kumwambia shida ikishafika. Basi litawashusha Stendi ya Magufuli, Mbezi, na Ocean Road iko ng'ambo ya jiji kabisa, karibu na bahari. Usiku huo walale karibu na stendi au wapokelewe na mtu. Mwendokasi wa asubuhi kuelekea Kivukoni ni rahisi kwa nauli ila umejaa, mgonjwa hapati pa kukaa. Siku ya kwanza wachukue bajaji au teksi na mzigo wao. Treni ya TAZARA inampa mtu nafasi ya kujinyoosha, lakini ratiba ihakikishwe stesheni kwanza, maana tarehe ya kuonana na daktari haisubiri treni.

MamaUyole

Asanteni sana, nimeandika yote. Maswali mawili. Ana mkopo wa kikundi uliobaki marejesho ya miezi mitano, tufanyeje kwa haki bila kuvunja katiba? Na la pili, maumivu ya kiuno hayamwachi alale. Ameandikiwa mofini ya maji hapa Mbeya, lakini mume kaificha chupa kabatini, anasema hiyo ni dawa ya wanaoaga.

Igawilo2

Mkopo: itisheni kikao, muongeze kipengele kwenye katiba kinachohusu mwanachama yeyote aliye kwenye matibabu marefu, msiandike kwa ajili yake peke yake. Kipengele kiseme riba inasimama na marejesho yanasimama tangu tarehe ya rufaa hadi miezi mitatu baada ya kurudi, kwa ushahidi wa karatasi ya hospitali. Hisa zake zisiguswe. Wadhamini wake wajulishwe kikaoni ili wasianze kumfuata nyumbani. Na kile kifungu cha "mara moja" kwenye mfuko wa jamii kibadilishwe kiwe kiwango cha juu kwa mwaka, kinachoweza kutolewa kwa awamu. Kipengele kikiandikwa kwa wote, hakuna atakayesema mmempendelea.

Shamba ndilo naliona kubwa kuliko yote, na hakuna aliyeligusa. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Akiondoka Novemba bila shamba kupandwa, familia imekosa chakula cha mwaka mzima, na mwanamke anajua hilo akiwa kwenye foleni Dar. Wapo wanaotoroka matibabu kwa ajili ya palizi. Ekari moja na nusu kwa watu 27 mliobaki ni kazi ndogo. Mbegu za mahindi kilo 12 hadi 15, nafasi sentimita 75 kwa 30 mbegu moja kila shimo, mbolea ya kupandia mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Siku moja ya kupanda. Palizi ya kwanza wiki ya pili au ya tatu. Mbolea ya kukuzia mahindi yakifika magotini, tena mfuko kwa ekari. Siku tatu hizo ziandikwe na majina ya watu kumi kumi kabla hajaondoka, kwa kuwa "tutamsaidia shamba" bila tarehe huishia kila mmoja kumaliza kwanza lake, na mahindi yaliyochelewa wiki tatu hayavunwi sawa. Mbolea ya ruzuku inatoka kwa namba ya usajili ya mkulima. Ahakikishe taarifa zake ziko sawa kwenye daftari la kijiji au mtaa, na namba aiache kwa mume.

Watoto wawili wa shule: mama mmoja, jina moja, kwa daftari, sare na chakula cha jioni. Mwalimu wa darasa aambiwe kwamba mama yuko safarini kwa matibabu, ili mtoto akisinzia au akikosa mchango asichapwe. Mume asaidiwe pia. Baba anayepika peke yake wiki nane na kusikia maneno ya kijiweni kwamba mke wake hatazaa tena, huyo ndiye anayepiga simu kusema "rudi nyumbani". Mpelekeeni mwanaume mwenzake wa kuzungumza naye, siyo kina mama watano kwa mkupuo.

NesiMstaafu

Chupa itoke kabatini leo. Mofini ni dawa ya maumivu makali, haijali kama mtu anatibiwa apone au vinginevyo. Mgonjwa asiyelala wala kula kwa maumivu hamalizi mionzi. Kwa mtu anayeitumia kwa maumivu ya kweli, kwa kipimo alichopewa, haimgeuzi kuwa teja. Daktari ataipunguza hatua kwa hatua uvimbe ukishasinyaa.

Namna ya kuitumia: inatolewa kila baada ya saa nne kwa saa, siyo kusubiri mpaka alie. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Dozi ya usiku mara nyingi huandikwa iwe maradufu ili alale mpaka asubuhi. Hapa kuna kosa linalojirudia sana: hospitali wanaandika 10:00, nyumbani wanasoma saa kumi. Mwombeni muuguzi aandike saa za Kiswahili kwenye karatasi, ibandikwe ukutani. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msipime kwa kijiko cha jikoni. Someni kibandiko: chupa zinatofautiana nguvu, mililita 5 za chupa moja zinaweza kuwa na miligramu 5 na za nyingine zaidi, kwa hiyo kila chupa mpya ulizeni upya ni mililita ngapi.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine kichefuchefu, kisha hupungua. Choo kigumu hakipungui chenyewe, lazima apewe dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza, mfano bisakodili. Akianza kuharisha kwa sababu ya mionzi amwambie daktari, hiyo ya kulainisha itasimamishwa. Akilala mpaka haamshiki, au misuli inarukaruka, ni dalili dawa inajaa mwilini, mara nyingi kwa sababu figo zimezibwa au zimechoka. Msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali.

Harufu pia isemwe, maana ndiyo inayomfanya mgonjwa wa mlango wa kizazi akatae wageni. Husababishwa na bakteria kwenye uvimbe, si uchafu wake. Metronidazoli kwa maelekezo ya daktari huipunguza sana ndani ya siku chache. Kujisafisha nje ni maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, bila kuingiza chochote ndani, asije akachokoza damu. Makaa makavu kwenye beseni chini ya kitanda hunyonya harufu chumbani.

Hospitali nyingi za rufaa, na baadhi ya hospitali za makanisa zikiwemo za KKKT, zina timu ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa. Ulizeni jina hilohilo. Si lazima awe mahututi ndipo wamwone.

MdauMakete

Naongeza kwa wengine watakaosoma hapa wenye mgonjwa wa utumbo mpana au tumbo. Kama dripu yake ni oksaliplatini, baridi ni adui kwa siku kadhaa baada ya kila dozi. Vidole vinachoma kama vimeshika umeme akigusa chuma cha baridi au maji ya bomba, na akivuta upepo wa asubuhi koo linabana mpaka anadhani anakufa. Kwa Mbeya mjini ni kero, kwa Makete au Njombe mwezi Juni na Julai ni mateso. Maji yote ayanywe ya vuguvugu, asioshe vyombo, avae glavu na soksi za sufu, mdomo na pua vifunikwe skafu, asipande bodaboda alfajiri. Jirani anayemletea kuni na kumchotea maji miezi hiyo miwili amemfaa kuliko anayemletea soda. Ganzi ikibaki vidoleni hata siku za joto, aseme kliniki, dozi huangaliwa upya.

MamaUyole

Mume amekubali, jana usiku amelala. Kikao ni Jumapili. La mwisho: akirudi?

Kipengere

Akirudi, uchovu utaendelea wiki kadhaa, kwa hiyo kuni, maji na jembe vibaki kwa kikundi angalau miezi miwili. Msipange ibada ya shukrani ya kumsimamisha mbele wiki ya kwanza. Muulizeni kama anataka na lini. Wageni waende wawili wawili, dakika ishirini, waliopatwa mafua wabaki kwao. Msimwambie "mbona umekonda", na msimsimulie aliyekufa kwa ugonjwa kama wake. Akitaka kulia, kaeni naye.

Mambo ya ndoa aelezwe na muuguzi kabla hajaondoka Ocean Road, na mume awepo au apigiwe simu. Mionzi ya nyonga hukausha na kubana njia ya uke, na kwa umri wake hedhi itakoma. Kuna namna ya kuitunza njia hiyo isizibe na muda wa kusubiri kabla ya kurudiana. Asipoambiwa, kila mmoja atadhani mwenzake amemchoka.

Kliniki za ufuatiliaji kwa kawaida ni kila miezi mitatu miaka miwili ya mwanzo, kisha huwekwa mbali zaidi hadi miaka mitano. Aulize zipi zinaweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya na zipi lazima aende Dar. Karatasi ya muhtasari wa matibabu asiondoke bila hiyo, iwe na idadi ya mionzi na kemo alizopata. Ipigwe picha, ihifadhiwe kwenye simu ya mweka hazina. Nauli ya kliniki ya kwanza itengeni sasa, kwenye bajeti hiihii ya wiki nane.